Kuku wanataga lakini hawasimami

"Asalamu alaykum daktari. Niko Wete, Pemba. Nina kuku wa mayai 200, wale wekundu wa kisasa, sasa wana wiki 34. Nawafuga ndani ya banda la matofali, hawatoki nje. Tangu wiki ya 24, chakula kilipopanda bei, nachanganya mfuko mmoja wa kilo 50 wa chakula cha kuku wa mayai na kilo 40 za pumba za mahindi na kilo 10 za machicha ya nazi, halafu nawarushia dagaa kidogo. Kutaga walikuwa wanataga vizuri tu, na maganda si mabaya, ingawa siku hizi katika trei hukosi mawili yenye ufa. Wiki mbili hizi kuku tisa wamelala ubavu. Hawasimami, lakini ukiwasogezea chakula wanakula kwa pupa. Mmoja nilipomkamata bawa lilivunjika mkononi. Jirani anasema ni mdondo. Mwengine kaniambia nitie chokaa ya kupakia ukuta kwenye maji yao. Dukani nimeuziwa unga wa oksitetrasaiklini. Nifanye nini, na hawa 191 waliobaki nitawaokoaje?"

Wa alaykumu salaam. Nianze na hiyo chokaa, maana hilo halingoji: usiitie kwenye maji, wala kwenye chakula. Chokaa ya kupakia ukuta ni mawe ya matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu mpaka yakageuka kitu kikali kinachobabua ngozi. Ukiitia maji hutokota, na ikifika kooni na tumboni mwa kuku huunguza. Kinachochanganya watu ni jina. Bara wakisema "chokaa ya kuku" wanakusudia mawe ya chokaa yaliyosagwa tu, hayakupita motoni. Hayo ni chakula. Yetu ya ukutani si chakula.

Oksitetrasaiklini nayo iweke kabatini. Hakuna ulichoeleza kinachoonesha maradhi ya bakteria, na dawa hiyo ina tabia ya kushikana na kalsiamu ndani ya utumbo, kwa hivyo dawa haifanyi kazi yake na kalsiamu, ambayo ndiyo kuku wako wanaililia, hupotea nayo. Kama umeshaanza kuwapa, mayai yasiuzwe mpaka zitimie siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye pakiti.

Sasa mdondo. Mdondo hauchagui kuku tisa ukawaacha wengine wanakula. Huingia bandani kwa kishindo: kuku hukoroma na kuhema mdomo wazi, huharisha kijani, shingo zinapinda, mayai yanaanguka ghafla na vifo vinafuatana kila siku. Kuku wako macho yako wazi, hamu ya kula iko, na bawa limevunjika kama kijiti. Ugonjwa wa Marek pia hulaza kuku, lakini mara nyingi huonekana mapema zaidi, kuku anakonda, na humkuta kanyosha mguu mmoja mbele na mwengine nyuma. Kwa maelezo yako, ninachokiona ni mifupa iliyoisha, na imeishia kwenye mayai uliyokwisha kuyauza.

Tazama hesabu yenyewe. Ganda la yai moja lina gramu 2 hivi za kalsiamu. Chakula kizuri cha kuku wa mayai kina kalsiamu asilimia 3.5 mpaka 4, tuchukue 3.8. Kuku akila gramu 110 kwa siku anapata gramu 4 na kidogo, na utumbo wake hufyonza kiasi cha nusu. Zinatosha ganda, basi. Wewe mfuko wa kilo 50 umeugeuza kilo 100, na pumba na machicha havina kalsiamu ya kuhesabika. Asilimia 3.8 imekuwa 1.9. Kuku huyo huyo, kwa gramu 110 zile zile, anaingiza gramu 2 na kufyonza 1, wakati yai linadai 2. Hiyo gramu ya pili inatoka wapi? Mifupa yote ya kuku, kuanzia fuvu mpaka kidole cha mguu, ina kalsiamu ya gramu 20 tu hivi. Utumbo wake utajikaza ufyonze zaidi, ganda litapungua unene kidogo, atakula zaidi kidogo, lakini kwa wiki kumi deni hilo lazima lifike mahali.

Watu wengi hutazama ganda wakidhani ndilo kipimo, kwamba ganda likiwa gumu basi kuku yuko salama. Sivyo. Maumbile ya kuku yameweka yai mbele ya mfupa. Wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza, homoni za utagaji hujenga ndani ya mashimo ya mifupa, hasa ya miguu, mfupa wa aina nyengine, laini, ambao kazi yake ni kuwa ghala. Ganda hutengenezwa kwa muda wa saa 18 mpaka 20, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inaangukia usiku, wakati kuku amelala na firigisi inamalizia chakula cha mchana. Hapo ghala hufunguliwa, na mchana hujazwa tena. Shida ni kwamba seli zinazobomoa mfupa hazijui kutofautisha mfupa wa ghala na mfupa wa nguzo. Ghala likiwa tupu, zinakula nguzo. Na kuku akishaanza kutaga hajengi tena mfupa wa nguzo. Kilichotoka hakirudi mpaka aache kutaga. Ndiyo maana mtagaji hodari ndiye hulala wa kwanza, huku yule mvivu anazunguka bandani kifua mbele.

Kalsiamu si peke yake. Ulipotia pumba ulipunguza kwa nusu vitamini D iliyokuwamo kwenye mfuko, na bila vitamini D utumbo haufyonzi kalsiamu hata ukimlisha bahari nzima ya magamba ya chaza na kombe. Fosforasi nayo: kwenye karatasi pumba zina fosforasi nyingi, lakini sehemu kubwa, kama theluthi mbili, imefungwa ndani ya fiteti, yaani namna mmea unavyoihifadhi fosforasi yake, ambayo kuku hana kimeng'enya cha kutosha cha kuifungua. Baya zaidi, fiteti hiyo hukamata na kalsiamu ikatoka nayo kwenye kinyesi. Kwa hivyo pumba zimekutia hasara mara mbili.

Kabla hujafanya lolote, hakikisha. Mshike kuku aliye mzima upitishe kidole kwenye mfupa wa kidari, ule uliosimama kama mkuku wa ngalawa. Unatakiwa unyooke na uwe mgumu. Ukiukuta umepinda kama herufi S, au ncha yake inabonyea kama sikio, huyo naye yuko njiani. Pima kuku 20 bila kuchagua. Ukipata watano au sita wa namna hiyo, tatizo ni la banda zima. Kisha katika wale tisa chukua mmoja asiye na matumaini, mchinje, umpasue. Vunja mfupa wa muundi: mzima huvunjika kwa mlio mkavu. Ukivunjika kama biskuti na ukuta wake ni mwembamba kama karatasi, mfupa umeliwa kwa kukosa kalsiamu. Ukipinda kama mpira bila kuvunjika, mfupa haukukomaa, na hapo mshukiwa mkubwa ni vitamini D au fosforasi. Tazama na mbavu kwa ndani. Pale zinapoungana kati yake unaweza kukuta vinundu vimejipanga kama tasbihi. Mara nyingi utakuta na yai ndani, ganda limeanza, halikumalizika.

Wale wanane waliobaki watoe leo hii. Kuku aliyelala hafi kwa mfupa. Hufa kwa kiu na kukanyagwa na wenzake. Watengee chumba chenye matandiko laini makavu kimo cha kiganja, maji na chakula viwe usawa wa mdomo, na wageuze ubavu asubuhi na jioni. Wakamate kwa mikono miwili chini ya kifua, usiwanyanyue kwa bawa wala mguu. Wape chakula kisichochanganywa, kibakuli cha magamba yaliyopondwa pembeni ajichukulie anayetaka, na vitamini AD3E ya kuku kwenye maji kwa siku tano mpaka saba kwa kipimo cha pakiti. Usizidishe, maana vitamini D ikizidi huharibu figo. Ambaye mifupa haijavunjika mara nyingi husimama ndani ya wiki. Aliyevunjika paja, au aliyevunjika uti wa mgongo akawa hasikii ukimfinya vidole, hana kupona. Mchinje angali hai, asije akawa mzoga. Nyama yake haina neno maadamu hakupewa dawa na umeshahakikisha si maradhi ya kuambukiza.

Kwa hao 191, njia ni kadhaa na hazilingani.

Ya haraka ni kutia kalsiamu kwenye mchanganyiko ulio nao. Kuurudisha kutoka 1.9 kwenda 3.8 unahitaji kilo 5.5 za magamba yaliyopondwa kwa kila kilo 100. Kuku wako wanakula kilo 21 hivi kwa siku, kwa hivyo ni kilo 1 na robo kasoro kidogo kila siku. Hii itazuia wengine kulala, lakini inaziba tundu moja tu. Vitamini D, fosforasi inayofaa na protini bado ni pungufu. Fanya hivyo kwa mfuko uliobaki ghalani, usiufanye mwenendo.

Njia ninayoishauri ni kurudi kwenye chakula kisichochanganywa na, kama mfuko hautoshi fedha, kupunguza kuku badala ya kupunguza chakula. Katika kuku 191 wa wiki 34 hukosi wasiotaga. Mshike, weka vidole kati ya mifupa miwili myembamba iliyo ubavuni mwa tundu la kutagia: anayetaga huingia vidole vitatu na tundu ni pana, limelowa, asiyetaga hakiingii zaidi ya kimoja na tundu limekauka. Hao wauze. Kumlisha pumba anayetaga ili kumlisha na asiyetaga ni biashara ya kuuza mifupa.

Ya tatu ni kuchanganya mwenyewe kutoka mwanzo, ikiwa unapata malighafi za uhakika zinazovuka kutoka Tanga au Unguja. Mfano wa kilo 100: mahindi yaliyoparazwa 52, pumba za mahindi 8, mashudu ya alizeti 12, mashudu ya soya 11, dagaa waliosagwa 6, magamba au mawe ya chokaa 9, unga wa DCP (wenye kalsiamu na fosforasi) kilo 1 na robo, premiksi ya kuku wa mayai (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo, chumvi robo kilo. Premiksi fuata kipimo cha pakiti yako kama ni tofauti. Na dagaa: wa kwetu wengi huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hivyo wakiwa na munyu mkali iache ile robo kilo ya chumvi kabisa. Chumvi ikizidi, matandiko yanalowa na ganda linakuwa jepesi. Usiwategemee dagaa kwa kalsiamu. Hata tukisema wana asilimia 4, kilo 6 zinatia robo kilo tu kwenye kilo 100, wakati unahitaji karibu kilo 4.

Magamba ya kwetu ni mali, na watu wanayakanyaga. Chaza, kombe, makome, yote ni kalsiamu kiasi cha asilimia 38, sawa na chokaa nzuri ya dukani. Yaoshe kwa maji baridi mara tatu mpaka ukionja maji ya mwisho hayana chumvi. Yaanike, kisha yakaange juu ya bati au sufuria kuukuu kwa nusu saa, yapoteze uvundo na wadudu na yawe rahisi kuponda. Usiyafukie kwenye makaa mekundu yakageuka unga mweupe, utakuwa umetengeneza ile chokaa tuliyoikataa mwanzo. Ponda kwenye kinu kisha chekecha. Na hapa ukubwa wa chembe ndio jambo lenyewe. Unga hupita tumboni kwa saa chache, ukifika usiku wa manane hakuna kitu. Chembe za milimita 2 mpaka 4, yaani kati ya chenga za mchele na choroko, hukaa ndani ya firigisi na kuyeyuka polepole usiku kucha, saa zile zile ganda linapotengenezwa. Kwa hivyo katika kilo 9 zile, 6 ziwe chenga na 3 ziwe unga. Magamba mengine ya ziada yaweke kwenye chombo peke yake baada ya alasiri, kama saa 10 jioni. Wakati huo ndipo kuku mwenye yai huyatafuta mwenyewe, na asiyehitaji huyaacha.

Ukinunua ya mfukoni, ipime kwa ndimu. Dondoshea matone: chokaa ya kulisha hutoa povu kwa kuchemka, mchanga unakaa kimya. Ukitaka uhakika zaidi tia kijiko kimoja kwenye glasi ya siki mpaka kesho yake, umwage na kuongeza mpya kama povu limekwisha na bado kuna unga. Kitakachobaki chini kisichotoa povu tena ni mchanga ulioununua kwa bei ya chokaa.

Upande wa vitamini D, premiksi haipendi hali yetu ya hewa. Joto na unyevu wa masika huila kidogo kidogo, kwa hivyo nunua ya kutumia mwezi mmoja au miwili, ifunge vizuri, iweke mahali pakavu mbali na bati la jua. Pumba zilizochacha zikawa na harufu ya mafuta mabovu zinaharibu vitamini hiyo ndani ya mchanganyiko, na mahindi yenye kuvu huleta sumukuvu inayolidhoofisha ini, ambalo ndilo huanza kuigeuza vitamini D ifanye kazi. Machicha yakilala siku moja tu kwenye ndoo yameshaanza, na Pemba ndiyo kabisa. Lakini tuna kitu ambacho wengine wanakinunua: jua. Kuku hutengeneza vitamini D kwenye ngozi, hasa ya miguu isiyo na manyoya, na jua letu linatosha mwaka mzima. Zungushia wavu kipande cha uwanja ubavuni mwa banda, watoke kwa zamu nusu saa asubuhi. Kutembea nako kunaimarisha mfupa. Juu tandaza wavu pia, si kwa mwewe tu. Kunguru wa visiwani humu yai halimpiti. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha halina faida hiyo.

Chunguza na maji. Kisima cha karibu na pwani chenye munyu huharibu ganda hata chakula kikiwa sawa. Tumia ya bomba au ya mvua kama unayo. Na miezi ya joto la kaskazi kuku anayehema mdomo wazi hupumua nje hewa ya kaboni inayohitajika kutengeneza ganda, na anakula kidogo. Chakula kipe alfajiri na jioni, maji yawe baridi.

Safari hii unatibu. Ukileta vifaranga wengine, kinga huanza siku ya kwanza, kwa sababu mfupa wa nguzo hujengwa kabla ya yai la kwanza tu. Chakula cha kukuzia kina kalsiamu asilimia 1 hivi na kinatosha. Usiharakishe kuwapa cha mayai ukidhani unawajengea mifupa. Kalsiamu nyingi kwa kuku mchanga huziba figo, na ukimpasua utakuta vumbi jeupe kama chaki juu ya moyo na ini. Kufikia wiki ya 16 au 17, vilemba vinapoanza kuwa vyekundu, changanya nusu kwa nusu chakula cha kukuzia na cha mayai kwa wiki mbili. Hiyo inakupa asilimia 2.4, kiasi kinachojaza ghala. Yai la kwanza likionekana, wapeleke kwenye chakula cha mayai moja kwa moja. Usiwashe taa usiku ili watage mapema kabla hawajafika kilo moja na nusu. Tetea mdogo anayetagishwa kwa nguvu ndiye utakayemkuta kalala wiki ya 30.

Mwite afisa mifugo wa wilaya mara moja ukiona zaidi ya kuku watatu wanalala au kufa kwa siku moja, shingo zikipinda, wakikoroma, vilemba na nyuso vikivimba au kuwa vya zambarau, au mayai yakishuka kwa ghafla. Hapo usichinje wala usiuze, na usiwasafirishe kuku kwenda kisiwa chengine. Na kama hakuna dalili hizo lakini umefuata haya yote na baada ya siku kumi bado kuna kuku wapya wanaolala, mpelekee kuku wawili wagonjwa walio hai pamoja na kilo moja ya chakula kutoka mfuko ule ule, uandike tarehe uliyoufungua.